Wanaochukia vibao vya 50 wasiisingizie Nürburgring

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako ili nimjibu msomaji mwenzetu ambaye hivi karibuni alisimulia humu safari ya kundi la marafiki waliotoka Uingereza na magari yao hadi Ujerumani, kuendesha katika uwanja wa mashindano ya magari uitwao Nürburgring. Alieleza vizuri jinsi mtu wa kawaida, asiye dereva wa mashindano, anavyolipa pale na kuingia na gari lake mwenyewe. Lakini alipofika mwisho aliteleza. Alisema kwamba nchi iliyoendelea haimfungi dereva kamba, kwamba vibao vyetu vya kilometa 50 kwa saa vijijini ni vya kumwonea mwenye gari zuri, na kwamba na sisi tujenge uwanja kama ule tuvute watalii.

Sina ugomvi na safari yenyewe. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima anayo haki ya kupumzika apendavyo, awe anapenda kuvua samaki au kuzungusha usukani. Tena binamu yangu anayefanya kazi ya ghala huko Uingereza alikwenda kwa safari ya namna hiyo mwaka jana, watu tisa katika magari matano. Amenisimulia kwa simu mpaka salio likatuishia mara mbili. Kwa hiyo yale ambayo msomaji mwenzetu aliyaruka ninayo, naomba niyaweke mbele ya wananchi.

Kundi lile lilipakia magari kwenye treni inayopita chini ya bahari kutoka Folkestone hadi Calais, nchini Ufaransa. Kumbuka kwamba Waingereza wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na usukani wao uko kulia. Wakishuka tu Calais, dunia inageuka: kila kitu ni mkono wa kulia, na penye geti la kulipia ni abiria anayenyoosha mkono dirishani, kwa kuwa dereva yuko upande usio na sanduku la kulipia. Wakakata Ubelgiji, wakaingia milima ya Eifel, ile ambayo sisi tuliosoma jiografia chuoni tuliambiwa habari za maziwa yake yaliyomo katika mashimo ya volkano. Wakafikia nyumba ya wageni katika mji mdogo wa Adenau, na usiku ule, kabla ya mtu kulala, mkuu wa msafara akawakalisha chini kama wanafunzi akawasomea sheria.

Sheria gani, ikiwa pale dereva hafungwi kamba? Sehemu ya zamani ya uwanja ule, iitwayo Nordschleife, ina urefu wa kilometa 20.8 na kona 73, ikipanda na kushuka msituni. Siku ambazo wananchi wanaruhusiwa kuingia, haihesabiwi kuwa uwanja wa mashindano hata kidogo. Ni barabara ya kulipia ya kwenda upande mmoja tu, na sheria za barabarani za Ujerumani zinafanya kazi humo kama zinavyofanya kazi nje ya geti. Kushindana ni marufuku. Kupima muda wa mzunguko ni marufuku. Unakaa kulia, na anayekupita anakupita kwa kushoto tu. Ukigonga vyuma vya kingo, unalipia vyuma, unalipia gari la kukuvuta, na unaweza kudaiwa hata gharama ya muda ambao njia ilifungwa kwa ajili yako. Makampuni mengi ya bima ya Uingereza yameandika wazi kwamba Nürburgring hayamo, na wakodishaji wa kawaida wa magari hawataki hata kuisikia.

Binamu yangu alipolisoma karatasi lake la bima vizuri aliliacha gari lake kwenye maegesho, akakodi jingine kwa watu wa pale pale wanaofanya biashara hiyo. Mzunguko mmoja hulipiwa euro 30 hivi. Alizunguka mara tatu, ya kwanza akiwa abiria, na kwa maneno yake mwenyewe magari yaliyompita yalikuwa mengi kuliko kona alizoweza kuzihesabu. Alirudi ana furaha kubwa. Mwenzao mmoja alisimamishwa na polisi nje ya Adenau, gari likakaguliwa bomba la moshi kwa ajili ya kelele, na jioni nzima wenzake wakamcheka. Huyo ndiye dereva asiyefungwa kamba!

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu. Je, uwanja ule ulijengwa kwa nini? Mwaka 1922 watu wa Eifel walianza mashindano ya magari katika barabara za kawaida za kule, wakianzia mji wa Nideggen. Magari yalikimbia katika barabara zile zile walizopita wakulima na watoto. Haikuchukua miaka mingi watu wenye akili wakaona kwamba mambo hayo hayachanganyiki. Mkuu wa wilaya ya Adenau, Otto Creutz, alishika bango kwamba pajengwe njia ya pekee kwa ajili ya magari ya kasi, na pia kwamba kazi hiyo iwape riziki watu wasiokuwa na ajira, kwani Eifel wakati huo ilikuwa sehemu maskini sana. Kazi ilianza mwaka 1925, watu zaidi ya elfu mbili wakachimba na kupasua mawe, na uwanja ukafunguliwa Juni 1927.

Yaani, ndugu msomaji, Nürburgring ilijengwa ili kuondoa kasi katika barabara za vijiji. Wewe unaitumia kama hoja ya kuirudisha kasi humo humo! Nenda Ujerumani leo ukaulize mwendo katika maeneo ya makazi ni kilometa ngapi kwa saa. Ni 50, na imekuwa hivyo tangu mwaka 1957. Mbele ya shule nyingi ni 30. Nje ya miji, katika barabara za kawaida, ni 100. Hata zile barabara zao kuu mashuhuri ambazo vijana wetu wanazisifu kwamba hazina kikomo, baadhi ya sehemu zake zina vibao vya mwendo, na pasipo na kibao serikali inashauri 130. Kundi la binamu yangu lilipotoka getini liliteremka kwa 50 kupita katika vijiji vile, gari moja nyuma ya jingine.

Na wala mtu asidhani kwamba njia ya pekee ndiyo salama. Mwaka 1976, kabla ya mashindano ya dunia ya tarehe 1 Agosti, bingwa Niki Lauda wa Austria aliwaambia madereva wenzake kwamba pale pasikimbiwe, kwa sababu njia ndefu kiasi kile haiwezi kulindwa yote na wazima moto na waokoaji. Hakusikilizwa. Siku hiyo hiyo gari lake liligonga ukingo likawaka moto, na waliomtoa ndani ni madereva wenzake waliosimamisha magari yao, Arturo Merzario, Guy Edwards, Brett Lunger na Harald Ertl. Lauda alipona akiwa na makovu ya moto aliyokaa nayo mpaka alipofariki mwaka 2019, na mashindano ya dunia ya daraja lile hayakurudi tena Nordschleife. Machi 2015 gari la mashindano liliruka juu ya kingo likamuua mtazamaji mmoja. Huo ni uwanja wenye uzio, wenye walinzi wa bendera, na kila aliyeuzunguka amefuata magari kwa hiari yake.

Sisi hatuna uzio. Shule ninayofundisha iko kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa. Madarasa yako upande mmoja, na nyumba nyingi za wanafunzi pamoja na bomba la maji ziko upande wa pili. Mtoto wa darasa la kwanza anaivuka barabara hiyo mara nne kwa siku ikiwa anarudi nyumbani kula. Kibao chetu cha 50 cha upande wa Iringa kiling'olewa, nadhani kwa ajili ya chuma chakavu, na mpaka leo limebaki shimo lake. Jumamosi hupita misafara ya magari binafsi ikielekea hifadhini, magari saba, manane, taa za hatari zikiwaka kana kwamba taa hizo ni ruhusa. Wa mbele akikimbia, wa nyuma hataki kuachwa. Binamu yangu aliniambia kwamba jambo ambalo mkuu wa msafara wao alilikazia kuliko yote usiku ule wa Adenau ni hilo hilo: asiwepo mtu wa kumkimbiza mwenzake, atakayeachwa atasubiriwa kituo cha mafuta. Sisi misafara yetu haina wa kuikalisha chini.

Mwaka juzi tulimzika mtoto wa darasa la tatu. Alikuwa amebeba ndoo. Dereva alisema hakumwona, na huenda ni kweli, kwa sababu kwa mwendo ule hata mimi niliyekuwa na fimbo ya chaki mkononi nikitazama dirishani niliona gari baada ya kusikia kishindo.

Na hapa lipo jambo linalonisumbua. Magari hayo hayo yakifika Hifadhi ya Mikumi, umbali mfupi tu kutoka kwetu, yanapunguza mwendo. Kwa nini? Kwa sababu kuna vibao, kuna matuta, na dereva anajua kuna faini inayouma kwa anayemgonga mnyama. Sisemi swala agongwe. Nasema utaratibu ule umeonyesha kwamba dereva wa Kitanzania anaweza kabisa kwenda polepole akitakiwa kufanya hivyo na mtu mwenye nia. Kwa hiyo yale maneno kwamba gari zuri haliwezi kwenda 50 ni porojo.

Kuhusu kujenga uwanja wa namna ile ili tuvute watalii, nitasema kidogo tu, maana mimi si mchumi. Hao hao wenye uwanja walitamani zaidi. Serikali ya jimbo la Rheinland-Pfalz, iliyokuwa ikiumiliki kwa sehemu kubwa, iliingiza zaidi ya euro milioni 300 katika mahoteli, maduka na michezo ya kufurahisha watu pembeni mwa njia, mradi uliofunguliwa mwaka 2009. Waziri wa fedha wa jimbo alijiuzulu mwaka huo huo fedha za watu binafsi zilizotarajiwa ziliposhindikana kupatikana. Kulikuwamo kigari cha reli cha kupaa na kushuka ambacho kilifanya kazi kwa wageni siku chache tu mwaka 2013, kikafungwa. Mwaka 2012 kampuni ya uwanja ilikuwa imekwisha kufilisika, na mwaka 2014 kazi ile ya mikono ya watu wasio na ajira ikauzwa kwa wenye mitaji binafsi. Njia yenyewe ya zamani, msitu na kona zake, haikuwa na kosa lolote, na watu bado wanaifuata kama kundi la binamu yangu lilivyoifuata. Fedha zilipotelea katika mapambo. Kabla hatujachora ramani ya uwanja wetu, nashauri tuhesabu kwanza matuta mangapi na vibao vingapi vingepatikana kwa fedha ya hatua ya kwanza ya upimaji.

Ninayoyaomba mimi ni madogo. Kwanza, wahusika wa barabara waturudishie kibao chetu, na safari hii kiwe cha zege kisichouzika kwa kilo. Pili, tupate kivuko chenye mistari na matuta pande zote mbili za shule. Tumekwisha kuomba kwa barua mara tatu kupitia serikali ya kijiji. Wazazi wako tayari kuchangia mchanga na nguvu kazi, na mafundi wawili wa hapa kijijini wamejitolea. Tatu, wenye misafara ya mwisho wa wiki wawe na kiongozi anayejulikana, na trafiki wakiukuta msafara unakimbizana wamuulize yeye kwanza.

Naye msomaji mwenzetu, kwa kuwa nimeona anapenda kusafiri, namkaribisha kwetu. Aje siku ya shule, asimame nami kando ya barabara saa moja kasoro robo asubuhi na kitambaa chekundu, tuwavushe watoto mia mbili na zaidi kabla kengele haijalia. Kitambaa cha akiba ninacho.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.