Mwanafunzi wa Ariwara Naye Achague Somo la Intaneti

Likizo iliyopita, nilipofika nyumbani Ariwara, nilimkuta mdogo wangu wa kike ameketi nyuma ya nyumba, ameinamia simu ya mama. Alikuwa akisikiliza somo la kemia kwa Kifaransa, kwa mtandao wa Uganda, maana kwetu mpakani huo ndio unaoshika vizuri. Kila baada ya dakika chache somo lilikatika, naye akangoja. Anasoma opsio ya pedagojia, na si kwamba anataka kuwa mwalimu. Ndiyo opsio anayoweza kuifikia kwa mguu. Anachokipenda ni biolojia na kemia.

Akaniuliza: "Yaya, nikiyajua haya yote, yatahesabiwa?"

Nilimwambia hapana. Jibu hilo limenisumbua tangu siku ile, na ndiyo sababu ya makala hii.

Msimamo wangu ni huu: shule za umma, ziwe zile zinazosimamiwa na serikali yenyewe au zile za makanisa zilizo chini ya mkataba wa 1977, zimruhusu mwanafunzi wa sekondari kuchagua somo moja au mawili kwa njia ya intaneti, na alama zake ziandikwe kwenye buletini yake kama za somo lolote lingine.

Kila aliyepita Egzetat anakumbuka siku zake nne: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsio. Hiyo siku ya opsio ndiyo inayomfunga mtoto wa mji mdogo. Tunasema amechagua, kumbe ni shule ya jirani iliyomchagulia. Mwenzake wa Bunia akikosa opsio katika shule moja, anaitafuta katika nyingine mjini humo humo. Wa Ariwara itambidi asafiri kwa barabara ya Mahagi na Djugu, ambayo kwa miaka mingi haijawa na usalama, kisha atafute ndugu wa kumpokea. Kwa msichana wa miaka kumi na sita, wazazi wengi husema hapana, na siwalaumu.

Wengine watasema kwamba serikali haiwezi kuyatambua maarifa yaliyopatikana nje ya darasa. Mbona inayatambua tayari? Katika Egzetat wapo watahiniwa otodidakti, watu waliojisomea wenyewe, ambao hupimwa kwanza kisha wakaruhusiwa kufanya mtihani pamoja na wengine. Ikiwa aliyeacha shule anaweza kupimwa kwa alichojifunza peke yake, kwa nini aliyebaki shuleni anyimwe nafasi hiyo?

Hata hivyo, sitaki tujidanganye. Machi 2020, korona ilipofunga shule zetu, masomo yalipelekwa redioni, Radio Okapi ikiwa miongoni mwa zilizoyarusha. Ulikuwa msaada mkubwa. Lakini redio haikumjua anayeisikiliza: hakuna aliyemuuliza mtoto kama ameelewa, wala aliyesahihisha zoezi lake. Somo la mbali lisilo na mtu wa karibu hupita kama taarifa ya habari.

Kuna pia suala la gharama. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya umma ni ya bure, lakini sekondari mzazi analipa bado. Tukimwongezea mzigo wa kununua mega kila wiki, haki ya kuchagua itakuwa ya watoto wa wafanyabiashara peke yao. Dawa yake tunaijua sokoni kwetu Ariwara. Vijana wenye kompyuta na paneli ya sola hujaza nyimbo na filamu kwenye kadi za simu, na mteja huondoka nazo bila kuhitaji mtandao tena. Shule ifanye vivyo hivyo: ipakue masomo mara moja, iyagawe kwenye kadi, na wanafunzi wayasome kwa muda wao.

Sasa nizungumze kama mwanafunzi wa isimu. Mdogo wangu huongea Kilugbara nyumbani, Kibangala sokoni, na Kiswahili akija Bunia. Kifaransa hukutana nacho darasani, na mwalimu wake anapoona macho ya wanafunzi yamepotea, huacha Kifaransa kidogo akaeleza kwa lugha wanayoielewa, kisha akarudi. Wengi wetu tulielewa hesabu kwa njia hiyo. Video haifanyi hivyo, haioni macho ya mtu. Sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 inazipa lugha za taifa na lugha za mazingira nafasi katika ufundishaji, lakini masomo mengi ya intaneti yanayowafikia wanafunzi wetu yanazungumza kana kwamba sote tumezaliwa Paris. Hapa kitivo chetu kina kazi. Maelezo mafupi ya istilahi za kemia kwa Kiswahili na Lingala, yaliyorekodiwa kwa sauti, yangeweza kuwa zoezi la mwaka kwa darasa letu la istilahi, na yangemfaa mtu kuliko kazi nyingi tunazoziacha zivumbike kabatini.

Waalimu wana hofu kwamba intaneti itawanyang'anya saa zao. Naielewa, maana mshahara wenyewe unajulikana. Lakini ninachokiomba kinamhitaji mwalimu: awepo mmoja katika kila shule wa kuwasimamia wanaosoma hivyo, kuwauliza maswali, kuwasahihishia na kuwapima mbele ya macho yake, na kazi hiyo ihesabiwe katika saa zake. Asipokuwepo, ni bora tusianze.

Najua maabara haiingii kwenye simu, na mwanafunzi wa kemia atahitaji siku moja kugusa chupa na moto. Hilo linaweza kupangwa wakati wa likizo katika shule yenye vifaa. Lisiwe kisingizio cha kumfungia mlango mwaka mzima.

Mdogo wangu ameingia darasa la tatu la humanite. Bado anasikiliza kemia jioni, simu ya mama ikiwa na moto. Amebakiza mwaka mmoja tu kabla ya mwaka wa Egzetat, na nikirudi nyumbani ataniuliza tena.