Gari la motere ya pikipiki: kabla ya turbo, tuanze na freni

Fundi kijana wa Goma anayefungua na kufunga motere ya Boxer au TVS kila siku hawezi kukosa kujiuliza: motere hii ikitolewa kwenye pikipiki na kuwekwa kwenye shasi nyepesi ya vyuma, je, haiwezi kuwa gari? Na ikionekana haina nguvu ya kutosha kupanda Kibumba na mzigo, je, haiwezi kuongezewa turbo?

Kuna wazee wanaocheka wakisikia maswali haya. Sisi hatucheki. Maswali ni mazuri, na Goma ni mahali pake. Lakini tunasema wazi tangu mwanzo: turbo si kitu cha kwanza, na anayeanza nayo anaweza kupoteza pesa za familia, au kupoteza watu.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1909, kule Malvern, Uingereza, Henry Morgan alijenga gari dogo la magurudumu matatu lenye motere ya pikipiki, na kutoka hapo kikazaliwa kiwanda. Mwaka 1957 Colin Chapman alileta Lotus Seven, gari jepesi ambalo mnunuzi aliweza kuuziwa vipande na kulifunga mwenyewe nyumbani. Miaka ya karibuni, mafundi wa Ulaya wamechukua motere ya pikipiki ya Suzuki Hayabusa, yenye ujazo wa zaidi ya cc 1,290, wakaiweka katika magari ya aina hiyo, na wengine wakaongeza turbo. Basi kijana wetu hajaota ndoto ya ajabu.

Turbo nayo ina maana hapa kwetu kuliko mahali pengi. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo hewa ni nyepesi, na motere inavuta hewa pungufu kwa karibu asilimia 15. Pikipiki iliyoandikwa na kiwanda kuwa na nguvu ya farasi 12, hapa inatoa kama 10. Ukipanda kuelekea Masisi, inazidi kupungua.

Turbo iligunduliwa na Mswisi Alfred Büchi, aliyeiandikisha mwaka 1905. Moshi unaotoka kwenye motere unazungusha gurudumu dogo, gurudumu hilo linazungusha lingine, na hilo la pili linasukuma hewa nyingi ndani ya motere. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipeleka motere ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, zaidi ya mita 4,300, ili kuijaribu. Bila turbo ilikuwa imepoteza karibu theluthi ya nguvu yake. Kwa turbo ikairudisha. Kwa hiyo anayesema turbo ni dawa ya milima, anasema kweli.

Tatizo ni motere gani. Hayabusa ina pistoni nne, inapozwa kwa maji, na esansi yake inapimwa na kompyuta. Motere ya pikipiki zetu ina pistoni moja, inapozwa na upepo, na wengi bado wanatumia karburateri. Pistoni moja inatoa moshi mara moja kwa kila mizunguko miwili, kwa hiyo turbo inasukumwa kwa vishindo, haizunguki sawasawa. Turbo ndogo zinazopatikana katika magari madogo ya Japani zilitengenezwa kwa motere za cc 660, yaani mara nne au tano ya motere zetu. Ukiifunga kwenye cc 150, moshi hautoshi kuizungusha vizuri.

Halafu kuna joto. Pikipiki ikitembea, upepo unaipiga motere moja kwa moja. Ukiifungia ndani ya bodi ya gari, upepo haufiki. Ukiongeza turbo, joto linaongezeka tena. Turbo inaweza kuzunguka mara zaidi ya 100,000 kwa dakika, na inategemea mafuta safi ya motere. Motere ndogo yenye mafuta ya lita moja tu, yanayobadilishwa pale mwenye chombo anapopata pesa, haitavumilia.

Na esansi? Tunajua inavyouzwa pembeni ya barabara, kwenye bidon za kina kadhafi. Ikiwa imechanganywa, motere ya kawaida inakohoa tu. Motere yenye turbo inagonga, na kugonga huko kunatoboa pistoni. Ongeza vumbi letu la mawe ya volkano, linalokwaruza kama msasa. Filta ya hewa ikiwa na tundu, gurudumu la turbo na silinda vinakwisha haraka.

Kwa hiyo tunamwambia fundi: kama shida yako ni kupanda mlima na mzigo, kuna njia ya bei ndogo zaidi. Badili pinyoni. Pinyoni ya nyuma yenye meno 40 ukiibadilisha na ya meno 50, nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu inaongezeka kwa asilimia 25. Mwendo wa juu unapungua kwa asilimia 20, lakini nani anahitaji kukimbia kilomita 90 kwa saa kwenye barabara ya Sake? Kisha weka feni ya kupoza motere. Tafuta pia namna ya kurudi nyuma, maana pikipiki haina, na gari lisilorudi nyuma likikwama sokoni Virunga litazuia barabara nzima.

Halafu freni, na hapa ndipo hofu yetu kubwa ilipo. Freni ya pikipiki ilitengenezwa kusimamisha pikipiki na watu wawili, kama kilo 270 kwa jumla. Gari jepesi lenye watu wanne na magunia linaweza kupita kilo 600. Na mwendo ukitoka kilomita 40 hadi 60 kwa saa, kazi ya freni haiongezeki kwa nusu, bali inazidi mara mbili. Ongeza uzito juu yake, utaona kwamba freni hiyo inadaiwa kazi mara tano. Sasa fikiria mteremko wa Kibumba, watoto wanatoka shule, na mvua inanyesha.

Watajibu: chukudu nayo haikutengenezwa na enjinia. Ni kweli. Chukudu ni fahari yetu, hata ina sanamu yake ya rangi ya dhahabu katikati ya mji. Watu wa milima waliichonga kwa miti, wakaifunga mpira wa matairi ya zamani, na imelisha Goma miaka mingi. Lakini chukudu imefika hapo ilipo kwa kurekebishwa kidogo kidogo, na mikono mingi, kwa miaka mingi. Na wanaoisukuma wanajua: anayeteremka nayo anashusha mwendo mapema, kwa mguu juu ya kipande cha mpira. Somo la chukudu ni kwamba chombo kinafuata barabara na mzigo wa mahali pake.

Majirani nao wana somo. Kenya ilitoa magari ya Nyayo Pioneer mwaka 1990, yaliyotengenezwa na watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao. Yalitembea, yalipimwa, lakini hayakufika sokoni, kwa sababu pesa za kujenga kiwanda hazikupatikana. Uganda ilitoa gari la umeme la Kiira mwaka 2011 kutoka Chuo Kikuu cha Makerere. Lenyewe lilipata mlezi, na leo kuna kampuni ya serikali inayotengeneza mabasi ya umeme. Ujuzi ulikuwapo pande zote mbili. Aliyekuwa na mlezi ndiye aliyesonga mbele.

Kijana wa Goma leo hana mlezi. Tangu mji uingie mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Kukopa imekuwa shida na vipuri ni ghali. Kwa sababu hiyo hasa, dola 300 za kijana zisichomwe katika turbo ambayo haitamaliza mwezi.

Tunaomba mambo matatu, na hayahitaji mamilioni.

La kwanza, shule za ufundi na vyuo vyetu, ISTA, ULPGL, Don Bosco Ngangi na vingine, vifungue milango kwa mafundi wa garaje hata siku moja kwa wiki. Mwanafunzi anajua hesabu ya joto na uzito. Fundi anajua chuma. Wakutane.

La pili, wanaosimamia barabara waweke njia ya kupima chombo kilichojengwa hapa. Leo gari lisilo na kiwanda wala namba ya shasi litapewa plaki na bima kwa msingi gani? Bila jibu, kijana atalipeleka barabarani kwa siri au atalipa rushwa kila kona. Kipimo kiwe rahisi: freni, usukani, taa, mikanda, na kusimama kwenye mteremko likiwa na mzigo.

La tatu ni kwa vijana wenyewe. Majaribio yafanyike uwanjani, si kati ya watu. Kila kitu kilichovunjika kiandikwe, ili anayefuata asianze upya. Chombo kikishapanda, kikarudi salama, kikasimama pale dereva anapotaka, miezi sita mfululizo, hapo tuzungumze turbo, na motere ya kupozwa kwa maji.

Sehemu ya Goma ilifunikwa na lava mwaka 2002, ikaguswa tena 2021, na kila mara wakaaji wake wamejenga upya juu ya mawe. Hatuna upungufu wa ujasiri. Tunachokidai kwa vijana wetu, na kwa wakubwa wao, ni subira ya kupima kabla ya kukimbia.