Tatizo Si Balbu, Ni Waya: Acheni Kuunguza Swichi za Taa



Najua yupo atakayeuliza: bwana shamba na taa za magari wapi na wapi? Atuambie habari za mbegu na viuatilifu. Ndugu yangu, mazao hayaishii shambani. Yanapanda gari. Na gari lenyewe, kwa hali yetu, ni Hilux, Probox, Noah au Canter iliyokwisha kutumika Japani miaka mingi kabla haijafika huku, linatoka guliani jua likishazama. Kwa hiyo leo nivumilieni. Nina jambo la kugombana na baadhi ya mafundi, na na ninyi wenye magari pia.

Msimu uliopita wa maharage niliomba lifti kutoka Mabamba kurudi Kibondo mjini kwa mfanyabiashara mmoja mwenye Hilux ya zamani. Nyuma kulikuwa na magunia ya wakulima ambao mimi mwenyewe ndiye niliwashauri wakusanye mzigo pamoja, waachane na kuuza lumbesa mlangoni. Siku mbili kabla ya safari hiyo, mwenye gari alilalamika gereji kwamba taa zake ni hafifu. Fundi akatoa balbu za kawaida, akafunga za wati 100. Tulipoondoka zilikuwa zinawaka kweli, hata mimi nilizisifu.

Baada ya muda tukasikia harufu ya plastiki inayoungua. Dereva akadhani ni breki. Tukiwa kwenye mteremko, taa zote mbili zikazimika kwa mpigo. Sekunde moja kabla nilikuwa nimemwona mama mwenye mtoto mgongoni, na mbele yake kijana anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Kisha giza. Dereva alikanyaga breki, akakata kona kulia, tukaishia mtaroni. Hakuna aliyeumia. Magunia mawili yalipasuka, tukaokota maharage kwa mwanga wa simu. Yule mama alitusogelea akauliza jambo moja tu: "Wanangu, mlikuwa mnatuona?"

Asubuhi yake usukani ulifunguliwa. Swichi ya taa ilikuwa imeyeyuka kama mshumaa.

Nasema wazi: ushauri wa "taa hafifu, weka balbu kubwa" ni ushauri mbovu, na kwa gari la zamani ni ushauri wa hatari. Taa za magari mengi ya zamani hazififii kwa sababu balbu ni ndogo. Zinafifia kwa sababu umeme haufiki kwenye balbu ukiwa na nguvu zake.

Tuelewane kwa mfano wa shamba

Chukua pampu iliyoko mtoni na mpira mwembamba wa mita 100 unaopanda hadi kwenye bustani yako ya nyanya. Mpira una viungo vitano, kila kiungo kinavuja. Maji yakifika juu yanadondoka kama machozi. Je, dawa ni kununua kichwa kikubwa cha kumwagilia? Hata mtoto atakwambia hapana. Dawa ni kuweka bomba nene, fupi, lisilovuja.

Gari lako liko vivyo hivyo. Katika magari mengi ya zamani, umeme wote wa taa hutoka kwenye betri, hupita sanduku la fyuzi, huingia ndani hadi kwenye swichi ya usukani, kisha hurudi tena mbele hadi kwenye balbu. Waya ni mwembamba, na una umri wa miaka 20 au 30. Vumbi letu la kiangazi na tope la masika vimeingia kwenye kila soketi. Kila kiungo kinakula volti kidogo.

Na balbu ya halojeni haisamehe. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Zikipungua kwa asilimia 20, unabaki na chini ya nusu ya mwanga. Ndiyo maana betri ni nzima, oltaneta inachaji vizuri, lakini barabara huioni.

Sasa piga hesabu ya ile balbu kubwa. Balbu ya kawaida ya H4 ni wati 60 kwa ful na wati 55 kwa dimu. Mbili zikiwa ful ni wati 120, yaani karibu ampia 10 kwa gari la volti 12. Ukifunga za wati 100, ni wati 200, karibu ampia 17, kupitia waya uleule na swichi ileile. Joto ndani ya waya haliongezeki kwa kiasi kilekile. Linakaribia kuwa mara tatu. Na usitegemee fyuzi ikuokoe. Mara nyingi kila taa ina fyuzi yake ya ampia 10 au 15, na balbu moja ya wati 100 inavuta ampia 8 na kidogo. Fyuzi inaona kila kitu ni sawa, wakati swichi inayobeba taa zote mbili inapikika.

Rilei ndiyo dawa

Rilei ni swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Ukifunga rilei, swichi ya usukani haibebi tena ampia 10. Inabeba umeme mdogo usiofika hata nusu ampia, wa kuiamsha rilei tu. Umeme wa taa wenyewe unatoka betrini moja kwa moja kwa waya mnene na mfupi, unapita kwenye rilei, unaingia kwenye balbu. Kwa balbu zilezile za kawaida utapata mwanga unaoushangaa, na swichi yako itadumu.

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote.

"Gari lenyewe bovu, la nini kuligharamia?" Rilei mbili, soketi zake, fyuzi mbili na mita chache za waya haviwezi kufika bei ya gunia moja la maharage. Ulizeni dukani. Mwenye gari anayebeba magunia 20 ya watu wengine usiku hana haki ya kuniambia hana bei ya gunia moja.

"Mimi nitafunga LED, zinakula umeme kidogo." Ni kweli zinakula kidogo, na swichi haitaungua. Lakini kioo cha taa yako kilitengenezwa kwa ajili ya waya mdogo unaowaka mahali maalumu ndani ya balbu ya halojeni. Ukiweka LED za bei rahisi humo, mwanga unatawanyika juu na pembeni. Wewe unaona weupe mbele yako, na mwenzako anayekuja haoni kitu. Barabara zetu zina watu wa miguu, baiskeli za mkaa na bodaboda. Anayepofushwa na taa zako ndiye atakayemgonga mtoto, na wewe utakuwa umeshapita.

"Rilei zinaungua." Inaungua iliyofungwa vibaya: haina fyuzi, imening'inizwa kwa tepu, imeunganishwa kwa waya mwembamba. Hapo wa kulaumiwa ni mkono uliofunga.

"Mimi naijua njia, naendesha kwa mazoea." Huyu ndiye ananiudhi kuliko wote. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa unakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Ukichelewa sekunde moja na nusu kumtambua mtu, umeshakula mita 25 kabla hujagusa breki. Njia unaijua, lakini mama mwenye mtoto mgongoni hayumo kwenye mazoea yako.

Namna ya kufanya

Mpelekee fundi wako maelezo haya, msome pamoja.

1. Pimeni kwanza. Washa injini, washa taa. Pima volti kwenye betri, kisha pima nyuma ya balbu soketi ikiwa imechomekwa. Tofauti ikiwa ndogo, chini ya nusu volti, waya wako ni mzima. Safisha vioo vya taa na urekebishe uelekeo. Ikifika volti moja au zaidi, una kazi ya kufanya. Pima pia upande wa ethi: kutoka waya hasi wa balbu hadi hasi ya betri. Mara nyingine ugonjwa wote uko kwenye skrubu moja yenye kutu, na dawa yake ni msasa.

2. Angalieni kama gari tayari lina rilei ya taa kwenye sanduku la fyuzi. Baadhi ya magari yanayo. Hapo huenda kubadili rilei iliyochoka na kusafisha viungo kukatosha.

3. Nunueni rilei mbili za pini nne, za ampia 30 au 40, moja ya dimu na moja ya ful. Gari la volti 12 linunuliwe rilei za volti 12. Canter na Fuso nyingi ni za volti 24, nazo zina rilei zake na balbu zake. Msichanganye.

4. Waya uwe wa magari, wenye nyuzi nyingi laini, usiopungua milimita za mraba 2.5. Msitumie waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu. Kwa mtikisiko wa barabara zetu utakatika ndani ya ganda lake na hamtajua umekatikia wapi.

5. Ondoeni waya hasi wa betri kabla ya kuanza.

6. Kutoka chanya ya betri, wekeni fyuzi ya ampia 15 kwa kila rilei, karibu kabisa na betri. Fyuzi ikiwa mbali, kipande cha waya kabla yake hakina ulinzi, na kikisuguana na bodi ni moto.

7. Pini namba 30 ya rilei inapokea umeme kutoka kwenye fyuzi. Namba 87 inakwenda kwenye balbu zote mbili. Namba 85 na 86 ndizo za kuamsha rilei.

8. Hapa mafundi wengi hukosea. Katika baadhi ya Toyota za zamani, hasa Hilux na Land Cruiser, swichi haikati chanya, inakata ethi. Ukifunga kwa kukariri, taa hazitafuata swichi. Njia rahisi ni hii: chukua soketi ya zamani ya taa moja. Pini 85 na 86 za rilei ya dimu ziunganishe kwenye waya wa pamoja na waya wa dimu wa soketi hiyo. Za rilei ya ful ziunganishe kwenye waya wa pamoja na waya wa ful. Kwa rilei ya kawaida isiyo na dayodi ndani, haijalishi chanya iko upande gani. Soketi ya pili izibwe vizuri isiingie maji. Ethi ya balbu iwe mpya, nene, kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi. Katika baadhi ya gari ile taa ndogo ya buluu ya dashibodi inaweza kufifia baada ya kazi hii. Fundi aishughulikie bila kukata waya ovyo.

9. Rilei zifungwe kwa skrubu, pini zikitazama chini, ili maji na tope visitulie ndani.

10. Malizieni kwa kupanga uelekeo wa taa mbele ya ukuta, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Mzigo ukikaa nyuma, pua ya gari inanyanyuka na dimu yako inapiga machoni mwa watu. Baadhi ya magari yana kitufe cha kuzungusha kwenye dashibodi, chenye namba kuanzia 0, cha kushusha taa. Wengi mnacho na hamjawahi kukigusa.

Neno la mwisho

Kwa mafundi: mteja akija na taa hafifu, shika mita kabla hujashika balbu. Ukimuuzia balbu ya wati 100 bila rilei unakula fedha yake leo, na kesho unamuuzia swichi.

Kwa wenye magari: gari ni lako, ila barabara ni ya wote.

Na kwa ninyi wakulima wenzangu, ambao mara nyingi mnaona haya hayawahusu: kabla hujapandisha magunia yako, mwambie dereva awashe taa, simama mbele hatua 50, utazame. Zikiwa za manjano kama kibatari, mwambie tunaondoka alfajiri. Mzigo ni wako, una haki ya kusema hivyo. Mimi tangu siku ile nasema, hata nikionekana msumbufu.

Yule Hilux alifunga rilei wiki iliyofuata, kwa balbu zilezile za kawaida alizokuwa ameambiwa ni ndogo. Nimepanda tena gari lake usiku. Watu wa pembeni mwa barabara tuliwaona kwa mbali, mmoja mmoja, hadi mjini.

Wiki ijayo tunarudi kwenye maharage: namna ya kukausha kabla ya kuhifadhi ili wadudu wasile faida yako.