Marekani, Asiyekopa Hajulikani

Ukikaa na watu wetu waliohamia Marekani, iwe Dallas au Louisville, hutakosa kulisikia hili: "Mimi huku sidaiwi na mtu." Husemwa kwa kifua mbele, na vijana waliofika juzi huitikia kwa heshima. Mzee amenunua gari kwa keshi, kodi ya nyumba hailazi, na kadi aliyo nayo ni ile ya kutolea mshahara tu. Ameshika wosia aliolelewa nao: kukopa harusi, kulipa matanga.

Wosia huo ni mzuri Kigoma na ni mzuri Kisumu. Ukibebwa mzimamzima hadi Marekani, unawatia watu hasara, na umefika wakati tuache kuwapigia makofi wanaouhubiri.

Kule mwenye nyumba hana haja ya kuuliza majirani wako wa zamani. Anaomba ripoti yako kutoka kampuni za taarifa za mikopo, ambazo kubwa ni tatu: Equifax, Experian na TransUnion. Juu ya ripoti hiyo hukokotolewa alama, na inayotumika zaidi ni ya FICO, iliyoanza mwaka 1989, ambayo huanzia 300 na kuishia 850. Ili uipate, sharti uwe na angalau akaunti moja ya mkopo iliyotimiza miezi sita, na iwepo iliyoripotiwa ndani ya miezi sita iliyopita. Sasa mzee wetu asiyedaiwa, hata akikaa miaka kumi, hatakuwa na alama mbaya. Hatakuwa na alama yoyote. Faili lake ni tupu, na faili tupu halimtofautishi mwaminifu na tapeli. Ndiyo maana anadaiwa amana kubwa ya nyumba, anatakiwa kuweka pesa kabla ya kuunganishiwa umeme, na katika majimbo mengi hata bima ya gari humpanda.

Wengine hujitetea kwamba waliacha jina safi nyumbani. Ni kweli, na halisaidii. TransUnion hiyohiyo ina ofisi Nairobi, na Mkenya aliyelipa mkopo wa benki bila kuchelewa anafahamika huko. Akishuka Dallas, kwa kawaida faili lake linabaki Nairobi, naye anaanza upya kama mtoto wa jana. Ni uonevu? Naona ni uonevu. Lakini kuukasirikia hakukupatii nyumba ya kupanga.

Na jambo lenyewe, ukilitazama kwa karibu, halina kitisho. Benki nyingi hutoa kadi ya mkopo yenye dhamana: unaweka dola 200, unapewa kadi yenye kikomo cha dola 200. Nunua mafuta ya gari na maziwa ya watoto, tuseme dola 40. Taarifa ya mwezi ikija, zilipe zote 40 kabla ya tarehe ya mwisho. Sheria inataka upewe angalau siku 21 tangu taarifa itumwe. Riba ya manunuzi hayo ni sifuri. Asilimia 35 ya alama ya FICO hutokana na kulipa kwa wakati, na asilimia 30 hutokana na kiasi unachodaiwa, hasa ukilinganisha na kikomo chako. Mtu wa dola 40 kwa 200 amekaa pazuri pote pawili, na hajakopa hata pesa ya harusi.

Ndugu zangu Waislamu wanaoikimbia riba wana hoja nzito kuliko ya mzee wetu. Mkataba wa kadi una kifungu cha riba hata kama hutaifikia, na wanazuoni hawakubaliani kuhusu kusaini kitu kama hicho. Hilo ni la kumuuliza shehe, wala si la kuamuliwa na mwandishi wa magazeti.

Kinachoniudhi zaidi ni ushauri wa vinyozini, kwamba uache deni kidogo kila mwezi ili alama zipande. Huo ni uzushi mtupu. Salio ulilobakiza halikuongezei alama hata moja, ila linailipa benki riba bure.

Sikatai kwamba wapo waliozama. Kadi tano, simu za wadai usiku na mchana, na malipo yaliyochelewa siku 30 ambayo hukaa kwenye ripoti kwa miaka saba. Hao ndio wanaotolewa mfano kila tunapokutana harusini na msibani. Mbona hatolewi mfano yule anayelipa kodi ya watu miaka kumi na tano kwa sababu hakuna benki iliyoweza kumpima ampe mkopo wa nyumba?

Wala tusidhani uaminifu wetu hauna thamani huko. Akina mama wanaocheza upatu hawakosi zamu, ila hakuna anayeliandika. San Francisco lipo shirika la Mission Asset Fund ambalo limeuchukua mchezo wa aina hiyo, likaurasimisha, na michango huripotiwa kwa kampuni za mikopo. Vyama vyetu, vinavyokusanya maelfu ya dola kusafirisha maiti, vingeweza kuwauliza hao walivyofanya.

Kubwa kuliko yote linawahusu Wakongomani na Warundi, wakiwamo waliotoka kambi ya Nyarugusu. Waliopokelewa Marekani kama wakimbizi, wengi wao walisaini ahadi ya kurudisha nauli ya ndege iliyotangulizwa kupitia Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM. Mkopo huo hauna riba, marejesho huanza miezi michache baada ya kufika, na mashirika yanayokusanya huripoti malipo. Maana yake mkimbizi anatua akiwa tayari na kile ambacho mzee wa keshi hana: akaunti ya kwanza. Lakini barua zake huja kwa Kiingereza, anaambiwa na wenyeji wake kwamba serikali haiwezi kumdai maskini, na bahasha inaishia jaani. Basi wewe uliyemtangulia na unayesoma Kiingereza, mfungulie bahasha hiyo, msomee, na umsaidie kupanga malipo ya kila mwezi yakatwe benki yenyewe.