Amplifaya ya Mjomba Nusura Iniue!

Wiki hii nimeponea chupuchupu, wala sitanii. Kilichotaka kuniondoa si daladala wala demu wa mtu. Ni amplifaya ya gitaa!

Mjomba wangu alipiga solo kwenye bendi ya dansi enzi za ujana wake. Bendi ilishavunjika, yeye akabaki na Vox AC30 ya Uingereza, lisanduku la kilo zaidi ya 30, ndani mna valvu, zile taa za kioo kama za redio ya babu. Sauti yake nyororo ile mbaya. Lakini mimi na washkaji tuna kabendi ketu, tunataka gitaa linalokwaruza. Nikaona dawa ni kutoboa tundu, kuweka swichi, kwisha kazi.

Mzee akiwa safarini, nikachomoa plagi, nikafungua mgongo, nikaingiza bisibisi. Paa! Nikajikuta nimekaa chini, mkono umekufa ganzi. Kumbe mle ndani mna umeme wa zaidi ya volti 300, na kapasita zinaweza kuutunza hata ukishachomoa plagi. Nani angeniambia?

Mjomba aliporudi nikampa shikamoo, nikakiri yote. Nilitegemea makofi. Akaniangalia weee, kisha akasema: "Anko, ungekufa, halafu na tundu ungelitoboa. Sijui ningeanza kulia kwa lipi."

Kesho yake tukalibeba hadi kwa fundi wake, Kariakoo. Yule mzee kwanza akazimaliza zile kapasita umeme kwa rezista, akapima kwa mita, ndipo akagusa. Akaniambia kubadili sauti si dhambi. Hata Vox wenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wapigaji walipolalamika kwamba sauti haina ukali, walitengeneza Top Boost: valvu ya ziada na vitufe viwili, kimoja cha sauti kali na kingine cha besi. Kiliweza kufungwa nyuma ya amplifaya iliyokwishauzwa.

"Ila tundu ukishatoboa halizibiki," akasema. AC30 hii ina matundu sita ya kuchomekea gitaa, na la sita hakuna anayelitumia. Akatoa jeki yake, swichi ikakaa hapohapo. Kazi ya swichi ni kuchagua kapasita ya valvu ya kwanza: ile ya zamani ya 25 inaachia besi yote, mpya ya 0.68 inapunguza besi, gitaa linauma. Akanipa pia valvu ya 5751. Ile ya kawaida, ECC83, nguvu yake ya kukuza sauti ni 100, hii ni 70. Unachomoa, unachomeka, sauti inabaki safi hata ukiongeza. Jeki iliyotolewa ikatiwa kwenye bahasha, siku yoyote inarudi.

Nyumbani mjomba akajaribu kwanza upande wetu. "Fujo tupu," akasema, lakini mguu unapiga mdundo! Kisha akarudisha swichi, akafumba macho, akapiga solo lake la zamani mpaka mwisho. Sikuthubutu hata kukohoa.

Sasa naruhusiwa kulitumia Jumamosi. Sharti moja tu: nalibeba mwenyewe, na mjomba anakaa ghorofa ya tatu.

Haya, wiki ijayo tena, nikiwa hai!