Usipike data, mdogo wangu

Najua nimewatupa wiki tatu nzima. Testi zilikuwa zimeongozana kama daladala za asubuhi, na anayeumia zaidi huwa ni yule aliyesubiri kupiga msuli usiku wa mwisho, yaani mimi. Leo nimebahatika kupata kimbweta chenye kivuli, nikasema hapana, hili la Jumapili lazima nilimwage hapa.

Jumapili simu ya mama iliita. Napokea, nasikia sauti ya mdogo wangu, yule kitinda mimba wetu. Yupo kidato cha sita, PCM, na Mei anakaa kwenye NECTA. Shule imewapa siku chache za Pasaka wakapumue nyumbani.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Msuli unaendaje?"

Kimya kidogo. Kisha: "Kaka, lile desa lako la praktiko ya fizikia bado unalo? Lile lenye majedwali yaliyojazwa?"

Basi bwana, hapo nikaishiwa maneno.

Kwa ndugu zangu wa sanaa ambao fizikia mliiaga kidato cha pili, ngoja niwaeleze. Fizikia ya kidato cha sita ina pepa tatu. Mbili ni za nadharia, ya tatu ni ya vitendo. Hiyo ya tatu unaingia maabara kwa saa tatu na dakika ishirini, unapewa vifaa, unapima, unajaza jedwali, unachora grafu, unatafuta slopu, halafu unatoa jibu. Kwa kawaida kuna swali la umakanika, la joto na la umeme. Na desa analolitaka mdogo wangu ni daftari lililorithiwa toka kwa waliotutangulia, limechakaa hadi kurasa zimeshikizwa kwa gundi. Ndani yake kila jaribio lina jedwali ambalo tayari limejaa namba. Pendulamu ipo, springi ipo, potensiometa ipo, kupoa kwa maji ya moto kupo. Vifaa vikikugomea, unakumbuka namba za desa, unaandika, maisha yanaendelea. Hiyo ndiyo tunaita KUPIKA DATA.

Na mimi nilikuwa mpishi hodari. Sisemi kwa kujisifu. Nilijua kuanzia mwisho kurudi mwanzo: jibu linatakiwa liwe hili, basi slopu iwe hivi, basi muda wa mizunguko ishirini uwe huu. Halafu naharibu namba mbili tatu kidogo kwenye desimali ili zionekane za kweli. Kwenye mazoezi nilipika. Kwenye mock nilipika. Siku yenyewe ya mtihani muda ulinikimbia, nikapika swali zima la joto, nikatoka nje nikiwa nacheka na wenzangu. Tulikuwa tunaitana vipanga.

Kicheko kilikatika hapa chuoni, mwaka wa kwanza, wiki ya pili ya maabara. Jaribio lilikuwa pendulamu, la kitoto kabisa. Unafunga uzi, unaning'iniza kitufe cha chuma, unapima muda, unatafuta g, ule mchapuko wa kitu kinachoanguka. Mimi nikaona nisipoteze muda. Nikapika kama kawaida, nikapata 9.81 safi, nukta zote sita zimelala juu ya mstari kama zimepigwa rula. Nikawa wa kwanza kukusanya.

Mkufunzi akaitazama karatasi yangu, akanitazama mimi, akauliza kwa upole: "Kijana, wewe umelifanyia London jaribio hili?"

Darasa zima kicheko. Sikuelewa mpaka aliponieleza, na nyie nawaeleza. Dunia si mpira wa mviringo kamili, imebinuka kidogo pale ikweta, na inazunguka. Kwa hiyo g si moja kila mahali. Kwenye ikweta, usawa wa bahari, ni kama 9.78. Kwenye ncha za dunia ni kama 9.83. Hapa Dar ni 9.78, London ndiyo 9.81. Ile namba niliyoikariri miaka miwili ni namba ya watu wengine, ya mahali pengine. Vitabu vyetu vingi vya kidato cha sita, akina Nelkon na Parker, vimeandikwa Uingereza, na sisi tukaibeba namba yao bila hata kupima ya kwetu.

Lakini hilo lilikuwa la utani. Lililonimaliza ni la pili. Alinionyesha kwamba kwa saa ile ya mkononi nisingeweza kupata usahihi wa namna ile hata ningekuwa malaika. Kidole cha binadamu kinachelewa kama sehemu ya tano ya sekunde. Uzi wa mita moja unachukua kama sekunde 40 kwa mizunguko ishirini. Piga hesabu, hitilafu katika g inafika kama 0.1. Maana yake mtu mkweli angepata 9.7, au 9.9, na nukta zake zingetawanyika kidogo pembeni ya mstari. Unadhifu wangu ndio ulionishtaki. Akanirudishia karatasi, akasema kafunge uzi. Na hapo, wadau, ndipo aibu ilipokamilika: mimi mwenye fizikia yangu ya kidato cha sita sikujua urefu wa pendulamu unapimwa mpaka wapi.

Sasa turudi kwa mdogo wangu. Nilipomaliza simu nikamsimulia mwenzangu wa chumbani. Akaniambia usijifanye mtakatifu, mtumie mtoto desa. Hoja yake ilikuwa nzito na sitaki kuipuuza. Akasema: shule yao ina mita-daraja ngapi? Wanafunzi wangapi? Wewe unayepiga porojo za ukweli, wewe tayari upo chuo, bumu unalamba. Yeye asipopata alama, anabaki nyumbani na ukweli wake.

Ni kweli, bwana. Mdogo wangu ameniambia kwamba kwa miaka miwili ameishika mita-daraja mara mbili tu, na mara zote mbili alikuwa mtu wa sita kwenye kundi la watu saba, kazi yake ikiwa ni kuandika namba anazotajiwa. Serikali ilipambana na maabara za shule za kata miaka ile ya 2012 hadi 2015, maabara tatu kila shule, wananchi wakachanga, kuta zikasimama. Lakini kuta si vifaa, na vifaa si muda wa kuvigusa. Mtoto aliyenyimwa vifaa hawezi kubebeshwa lawama peke yake kwa kutafuta desa. Mwenye njaa hachagui mboga.

Hata hivyo bado nasema hapana, na sababu yangu ya kwanza si ya kitakatifu, ni ya alama hizo hizo. Desa linadanganya. Pepa inabadilika. Mwaka huu wanaomba g, mwaka ujao wanakuficha kitu ndani ya jaribio lile lile na kukuambia utafute hicho. Wanabadilisha urefu, wanabadilisha uzito, waya wa shule yako si waya wa shule ya jirani. Aliyekariri jedwali anaandika namba ambazo vifaa vilivyo mbele yake haviwezi kuzitoa. Na alama hazipo kwenye jibu la mwisho peke yake. Zipo kwenye jedwali lenye vipimo vyake, kwenye skeli ya grafu, kwenye mstari uliochorwa vizuri, kwenye slopu iliyoonyeshwa njia. Mkweli aliyepata jibu la pembeni anaokota huko kote.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Mpishi wa data haachi kupika akitoka maabara. Nusu ya tuliosoma naye PCM sasa wanasomea uhandisi. Kuna siku mmoja wao atatakiwa kuvunja vile vipande vya zege siku ya 28 aone vinabeba mzigo gani, na mkandarasi atakuwa amesimama mlangoni ana haraka. Mkono uliozoea kuanza na jibu utaandika nini? Ghorofa halisomi desa, jamani.

Na sababu ya tatu ni Mpemba. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto. Walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Yeye alichemsha maziwa yake, akaogopa kukosa nafasi kwenye friji, akayaweka yakiwa bado ya moto. Yakaganda, wakati ya mwenzake ambaye hakuchemsha yalikuwa bado uji mzito. Alipouliza akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza nao. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, akarudi Dar akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 wakachapisha makala wakiwa wawili. Hadi leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo. Sasa jiulize: Mpemba angekuwa na desa? Angefuta alichokiona, angeandika kwamba ya baridi yaliganda kwanza, angepata vema yake na dunia isingemjua.

Basi nikampigia mdogo wangu usiku ule ule. Nikamwambia desa simpi. Alinuna, nilisikia kabisa. Nikamwambia tafuta uzi, tafuta kufuli ya mlango wa stoo, chukua simu ya mama ina saa ya kupimia. Ning'iniza kwenye kenchi ya kibanda cha kuku. Anza na mita moja, shuka kwa sentimita kumi kumi mpaka arobaini, mizunguko ishirini kila mara. Mama akaja kwenye simu kuuliza kama nimerogwa.

Kesho yake jioni ujumbe ukaingia: "Kaka, ule uzi wa mita moja umenipa 9.5. Nibadilishe iwe 9.8?"

Nikamjibu usiguse kitu, chora grafu. Baada ya saa moja akatuma picha. Mraba wa muda dhidi ya urefu, mstari umenyooka vizuri, lakini haukupita kwenye sifuri. Ulikata mhimili wa urefu upande wa hasi, kama sentimita tatu hivi. Nikamuuliza: ulipima uzi mpaka wapi? "Mpaka pale ulipofungwa kwenye kufuli." Na kufuli yenyewe ina urefu gani? Kimya. Kisha: "Sentimita sita... Kaka! Hiyo tatu ni nusu ya kufuli!"

Wadau, nilisimama kwenye korido nikapiga kelele kama timu yangu imefunga goli. Urefu wa pendulamu unapimwa mpaka katikati ya kile kinachoning'inia. Yeye alikosea kupima, na grafu ikamwambia amekosea wapi na kwa kiasi gani. Akatafuta slopu, akapata 9.7. Ile kasoro ambayo angeipika ikaisha ndiyo iliyobeba somo lote. Desa langu lina mistari inayopita kwenye sifuri kurasa zote, halijawahi kumfundisha mtu kitu hicho. Mimi mwenyewe nilikijua chuoni, tena kwa aibu.

Sijui Mei itakuwaje. Kufuli moja haimalizi mtihani, na potensiometa haitengenezwi kwa uzi. Inawezekana akakosa alama ambazo jirani yake mwenye desa atazipata, na siku hiyo nitalazimika kumtazama usoni. Hilo nimelikubali. Ila kuna kitu ninachowaomba ninyi mliopo hapa chuoni. Kila likizo tunarudi nyumbani, wadogo zetu wanatuzunguka kama wafalme, na sisi tunachowaachia ni madesa. Kwa nini tusiwaachie Jumamosi moja? Nenda shule uliyosoma, muombe mwalimu akufungulie maabara, wagawe wawili wawili badala ya saba saba, na kila mmoja aguse. Anayekosea aachwe akosee, halafu mkae mtafute kosa limetokea wapi.

Mimi naanza na ya kwetu likizo hii. Daftari lile bado ninalo, lipo chini ya godoro. Nilifikiri kulichoma, lakini nimeamua nitalibeba niende nalo, tulifungue ukurasa wa pendulamu mbele ya vijana, halafu tupime na tuone ni nani mwongo.

Naomba kutoa hoja. Anayepinga aje hapa kimbwetani, chai juu yangu bumu likitoka.