Shamba la Ukambani na Idhini ya Bodi

Mtu wa Mombasa anunuapo ekari mbili Kibwezi au Mwingi, mara nyingi huridhika na karatasi iliyoandikwa mbele ya wazee na mipaka aliyooneshwa kwa miguu. Akishalipa na kujenga, huona biashara imekwisha. Kisheria haijaisha, na tunalizungumza jambo hili juma hili kwa sababu wanaoumia aghalabu ni warithi wake.

Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 yataka uuzaji wa ardhi ya kilimo upate idhini ya bodi ya eneo, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu mapatano. Muda ukipita, na mahakama isiuongeze, mapatano ni batili. Mnunuzi abaki kudai fedha alizotoa, basi. Aliyelipa shilingi 30,000 mwaka 1990 atanunua nini nazo leo?

Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ilitoa hukumu mbili zisizopatana. Katika moja, ya wanunuzi 88, majaji walisema kuwa muuzaji aliyepokea fedha na kuwaweka watu shambani hawezi kujikinga kwa ukosefu wa idhini aliyopaswa kuitafuta. Ardhi ile huwa ameishika kama amana yao. Katika nyingine, majaji wengine wa mahakama iyo hiyo walishikilia kuwa pasipo idhini hapana haki ya kuokolewa. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya Eldoret ikaegemea hukumu ya kwanza, ikitazama usawa uliowekwa na kifungu cha 10 cha Katiba miongoni mwa misingi ya taifa. Desemba 2023 Mahakama ya Juu nayo ikatambua kuwa amana ya namna hiyo yaweza kuihusu ardhi.

Kwetu sisi hukumu hizi ni za haki, lakini hazimnusuru asiye na ushahidi. Mdai lazima aoneshe kuwa alilipa na kwamba aliwekwa shambani na mwenyewe. Tena, tangu mwaka 2003 mapatano ya ardhi hayasikilizwi mahakamani yasipoandikwa, kutiwa saini na pande zote na kushuhudiwa. (Risiti ya M-Pesa haitaji ekari.) Msomaji wa Surat al-Baqara, aya ya 282, hataona ajabu katika sharti hilo la maandishi na mashahidi.

Kuna shimo jingine. Hati ikiwa bado kwa jina la babu aliyefariki, mjukuu hana cha kuuza, hata ukoo mzima ukikubali: Sheria ya Urithi hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi yake. Hapo amana tuliyoitaja ni tegemeo dhaifu mno.

Wajane wengine hukimbilia kwa Kadhi. Yeye huamua mirathi ya mume wao Mwislamu, ila mgogoro na muuzaji wa Ukambani ni wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, yenye vituo Makueni na Kitui. Aliyenunua na hajapata idhini aitafute sasa, muuzaji akiwa hai na aweza kutia saini.